Ukarabati wa milioni 72, Upanga: tulichokagua na bei tuliyofikia

Mdogo wangu wa kike alinipigia simu mwezi Septemba akiwa bado amesimama ndani ya nyumba ya watu. "Kaka, tumeipata," aliniambia kwa sauti ya chini ili dalali asimsikie. Vyumba vitatu, ghorofa ya tatu, Upanga jijini Dar es Salaam, na kazini kwake anafika kwa miguu. Imekarabatiwa yote. Mwenye nyumba anataka shilingi milioni 340 na anasema ukarabati peke yake umemla milioni 72.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ya kila siku ni kuhesabu saruji, nondo, mabomba na siku za mafundi, kisha kuandika jengo litagharimu kiasi gani. Kwa hiyo yeye na mumewe waliniomba niende nao kabla hawajalipa chochote. Wamenikubalia niandike kisa hiki, nami nakiandika kwa sababu naona watu wengi wanaweka akiba ya maisha yao yote kwenye marumaru zinazong'aa.

Kitu cha kwanza nilichotafuta hakikuwa ndani ya nyumba ile. Nilimuuliza mlinzi wa jengo kama kuna nyumba nyingine iliyouzwa pale karibuni. Ilikuwepo: ghorofa ya pili, moja kwa moja chini ya hii, ramani ileile, iliuzwa miezi mitano nyuma ikiwa haijaguswa tangu enzi za wapangaji wa zamani. Tulibisha hodi. Jirani yule alitupokea vizuri, akatuonyesha mkataba wake wa mauziano: milioni 262. Hiyo ndiyo bahati kubwa kuliko zote katika kisa hiki, kwa kuwa mara chache unapata nyumba pacha ya kulinganisha. Kuanzia hapo swali letu likawa moja: ukarabati wa ghorofa ya tatu una thamani ya milioni 78 zilizozidi?

Kabla hatujatoka, jirani alifungua droo ya jikoni akatoa kipande cha bomba la chuma, urefu wa kiganja. Alikikata ukutani kwake alipokuwa akibadilisha mabomba. Kwa nje kilionekana kizima, rangi ya majivu. Kwa ndani kutu ilikuwa imejaa mpaka tundu likabaki dogo kiasi kwamba nilijaribu kupitisha kalamu ya wino ikakwama. Jengo ni la miaka ya 1960. Mabomba ya ghorofa zote yalilazwa wakati mmoja, na kama kwake yalikuwa hivyo, basi kwa juu yake yalikuwa hivyohivyo, isipokuwa mtu awe ameyabadilisha. Nilikipiga picha.

Tukapanda. Mwenye nyumba ni mzee mstaarabu, tulimwamkia, akatukaribisha soda. Nyumba inapendeza kweli. Kuta nyeupe zilizopigwa skimu zikawa laini kama karatasi, dari la jipsamu lenye taa za kuzamishwa, marumaru kubwa sebuleni, madirisha ya alminiamu, jiko lenye makabati meusi na jiwe la graniti, mabafu mawili yenye vigae vya rangi ya mchanga mpaka juu. Shemeji yangu alikuwa keshaanza kupanga kochi likae wapi.

Nilianza na madirisha, na hayo nayasifu. Yanafunguka bila kukwaruza, mpira wa pembeni ni mzima, na fremu zimezibwa vizuri kwa nje. Jijini Dar es Salaam upepo wa baharini unabeba chumvi, na bawaba za bei rahisi zinakula kutu mapema. Hizi zilikuwa na mwaka na zaidi, na hazikuwa na alama. Milango nayo ni mbao ngumu, imekaa sawa. Marumaru za sebule nilizigonga kwa sarafu ya shilingi 200, moja baada ya nyingine, zikalia nzito, ishara kwamba saruji imejaa chini yake. Aliyefanya kazi hizi ni fundi anayejiheshimu.

Bafuni mambo yalibadilika. Sakafu ya bafu kubwa ina vigae 24. Nilivigonga vyote, 11 vikalia kama debe tupu. Kigae kinacholia hivyo mara nyingi kimebandikwa kwa madonge ya saruji pembeni na katikati pakaachwa wazi. Maji yakipenya kwenye viungo yanakaa humo, na siku mtu akiangusha ndoo kinapasuka. Nikaomba ndoo ya maji, nikaimwaga polepole sakafuni. Maji yalipaswa kukimbilia kwenye tundu la kona. Yalitulia kidogo, kisha yakaanza kutambaa kuelekea mlangoni. Mteremko haukutengenezwa. Na fundi asiyetengeneza mteremko, ambao unaonekana kwa macho, mimi simwamini kwamba alipaka dawa ya kuzuia maji chini ya vigae, ambayo haionekani.

Tukafungua koki zote kwa pamoja: sinki la jikoni, bomba la mvua, na kuvuta choo. Maji ya bomba la mvua yakapungua yakawa uzi. Mzee akasema ni mgao, msukumo uko chini leo. Lakini nyumba zile zinapata maji kutoka tangi la juu ya paa, na siku hiyo tangi lilikuwa limejaa, mlinzi alikuwa ametuambia. Nilikumbuka kile kipande cha bomba kwenye droo ya jirani.

Umeme nilimwachia fundi umeme aliyefuatana nami mara ya pili, na naomba msomaji naye asijaribu mwenyewe. Alizima swichi kuu, akapima kuhakikisha hakuna umeme, kisha akafungua vifuniko vya soketi vitatu katika vyumba tofauti. Vifuniko vipya kabisa, vya bei. Nyuma yake nyaya nyekundu na nyeusi za zamani, ganda lake limekauka kiasi kwamba alipoukunja mmoja kidogo likamegeka. Waya wa ardhi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja usimpige mtu, haukuwepo katika soketi mbili kati ya zile tatu. Tundu lake mbele lipo, nyuma halijaunganishwa na kitu. Na nyumba ina viyoyozi vitatu, hita ya maji bafuni, jiko la umeme na mashine ya kufulia. Hapo mdogo wangu alinyamaza. Ana mtoto wa miaka minne.

Sasa dari. Katika kajia kanachokwenda mabafuni, dari la jipsamu limeshushwa chini zaidi kuliko sehemu nyingine, kama sentimita 40. Nilimuuliza mzee sababu, akasema ni mtindo. Inawezekana. Lakini dari likishuka mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni chini ya bafu la mtu wa juu, mkaguzi lazima atake kuona kilichoko ndani. Tulimwomba ruhusa ya kutoa taa moja tu na kuirudisha. Alisita, kisha akakubali, na kwa hilo namheshimu. Fundi alitoa taa, nikapanda ngazi, nikaingiza tochi na simu kwenye tundu.

Zege la sakafu ya juu lilikuwa limebanduka eneo la ukubwa wa meza ndogo ya kahawa. Nondo nne zilikuwa wazi, nyekundu kwa kutu, moja imevimba na kuchanika magamba kama gome la mkorosho. Pembeni kulikuwa na doa jeusi la unyevu lenye ukingo mweupe wa chumvi. Juu ya dari lile jipya, safi, vilikuwa vimelala vipande vya zege vilivyoanguka tayari.

Jinsi inavyotokea ni hivi. Maji yanavuja bafuni kwa jirani wa ghorofa ya nne, yanapenya zegeni na kuifikia nondo. Nondo ikishika kutu, ile kutu inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kuanguka. Likishaanguka, nondo inabaki uchi na kutu inaongeza kasi. Dari la jipsamu halikuanzisha tatizo hili. Lililificha, na kwa muda wote lililofichwa hakuna aliyelishughulikia.

Shemeji alikuwa na hoja yake, na ni hoja nzito. Benki ilishamtuma mthamini aliyesajiliwa, naye akaandika thamani ya soko ya milioni 318. "Kaka, mtaalamu kasema," aliniambia. Nilisoma ripoti ile yote na sikuona kosa ndani yake. Mthamini anaangalia eneo, ukubwa, hati, hali ya nyumba kwa macho, na bei za nyumba zinazofanana sokoni. Anaijulisha benki kwamba mkopaji akishindwa kulipa, dhamana itauzika. Hatumwi kufungua soketi wala kuingiza tochi darini. Mnunuzi akiichukua ripoti hiyo kama cheti cha ubora wa mabomba, ameipa kazi ambayo haikuandikwa kufanya.

Tukaomba risiti. Wengi wanaona aibu kuomba, wanadhani ni kumshuku mtu. Kwa Tanzania kuna njia ya heshima ya kuliuliza jambo hili. Mkazi anayeuza nyumba kwa kawaida hutozwa kodi ya asilimia 10 ya faida, na gharama za kuiboresha nyumba, zikiwa na ushahidi, huingia kwenye hesabu zikapunguza faida hiyo. Kwa hiyo aliyetumia milioni 72 kwa kweli ana sababu yake mwenyewe ya kutunza risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, na mikataba ya mafundi. Nilimweleza mzee hivyo. Alileta bahasha. Ndani mlikuwa na risiti za madirisha, viyoyozi, marumaru na makabati ya jikoni, jumla milioni 21 na kitu. Hapakuwa na risiti hata moja ya bomba, waya wala dawa ya kuzuia maji. Ufundi haukuandikwa popote, jambo la kawaida kwetu. Simtuhumu mzee kwamba hakutumia milioni 72. Huenda alizitumia, na huenda sehemu alidhulumiwa na mkandarasi wake. Ila alichotumia muuzaji na thamani anayoipata mnunuzi ni hesabu mbili.

Hati nazo tulizikagua, nitazitaja kwa ufupi. Upekuzi kwa Msajili wa Hati ulionyesha kuwa nyumba ina hati yake ya sehemu ya jengo chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, haina rehani, na miaka iliyobaki kwenye umiliki wa kiwanja inatosha. Deni la tozo ya huduma za jengo lilikuwepo, dogo, mzee akakubali kulilipa. Sheria ile ilinipa faraja moja: sakafu ya zege kati ya ghorofa mbili ni mfupa wa jengo, kwa hiyo chama cha wamiliki kina sababu ya kuingia kati na mnunuzi habaki peke yake na jirani wa juu.

Sasa hesabu yenyewe, na hapa nilikosea mwanzoni. Niliorodhesha kazi zote zinazotakiwa: kubadilisha nyaya, milioni 7, mabomba ya maji safi na maji taka, milioni 9, kubomoa na kujenga upya mabafu yote mawili, milioni 17, ukuta wa jikoni, dari na rangi, milioni 8. Jumla milioni 41, mbali na zege la kajia, milioni 4. Nikachukua 262 za jirani, nikaongeza vitu vizuri nilivyoviona, nikatoa 45, nikapata bei ya chini kabisa na nikafurahi.

Rafiki yangu mthamini aliitazama karatasi ile akanirudishia. "Unakata mara mbili," alisema. Nyumba ya chini iliuzwa milioni 262 ikiwa na mabomba yaleyale mabovu na nyaya zilezile. Aliyeinunua alijua ana kazi mbele yake, na kweli alitumia milioni 38. Ule ubovu ulishaingia kwenye bei yake. Nikiutoa tena nitamdhulumu mzee.

Hesabu sahihi inaanza na 262, kisha inauliza ni kitu gani cha ukarabati huu kitabaki kizima baada ya nyaya na mabomba kubadilishwa. Madirisha yatabaki: milioni 9. Milango na makabati ya nguo: 8. Marumaru za sebule na vyumba: 6. Jiko, graniti na makabati yake: 7, maana makabati ni ya chipubodi na chini ya sinki yameanza kuvimba. Viyoyozi vitatu vilivyotumika: 3. Jumla 33. Vigae vya mabafu, dari na rangi nyeupe ile niliviandikia sifuri, kwani vyote vitavunjwa au kuchafuka ili kufikia bomba na waya.

Halafu inatolewa gharama ambayo nyumba isiyokarabatiwa isingekuwa nayo: kung'oa makabati ya jikoni na kuyarudisha, kununua marumaru za kuziba njia ya mabomba, kufumua dari na kulitupa. Nilikadiria milioni 5. Mwisho zege la kajia, ambalo nyumba ya chini haikuwa nalo, milioni 4. Inabaki 24. Bei ya haki ikawa milioni 286.

Watu wengi wanadhani nyumba iliyopambwa juu ya mabomba ya zamani ni nusu ya safari, umebakiza nusu. Kwa vyumba na sebule ni kweli. Kwa bafu na jiko ni kinyume: kila kigae kipya kilichobandikwa juu ya bomba bovu ni kigae utakachokilipia mara ya pili, kwanza ndani ya bei, kisha kwa fundi wa kukibomoa.

Hatukukimbilia kutoa bei. Nilishauri tusubiri mvua. Nyumba ya pwani inayokaguliwa kiangazi inaficha mengi, hasa ikiwa imepakwa rangi juzi. Mwishoni mwa Oktoba vuli ikaanza, na baada ya siku mbili za mvua tulirudi. Chumba cha watoto, ukuta wa upande wa barabara, rangi ilikuwa imefura vipele chini ya dirisha. Nilikikwangua kimoja kwa kucha, ukatoka unga mweupe wenye ladha ya chumvi. Huenda mchanga wa plasta ile una asili ya baharini au haukuoshwa. Hilo halina dawa ya haraka zaidi ya kubandua plasta na kupiga nyingine, na kwa ukuta mmoja si gharama ya kutisha. Sikulibadilisha kwenye hesabu. Lilitusaidia kwa namna nyingine: mzee alikuwepo, akaliona mwenyewe.

Tulikaa naye sebuleni tukamwonyesha picha zote, na ile hesabu, mstari kwa mstari, pamoja na ile milioni 41 ambayo hatukuitoa. Nadhani hapo ndipo alipolainika. Mtu akiona umemhesabia haki yake anakusikiliza. Kutoka 340 alishuka 320, akakaa hapo wiki mbili, dalali akatupigia kwamba kuna mteja mwingine. Mdogo wangu alitaka kukubali 315. Nilimwomba asiende kulala kwenye nyumba isiyo na waya wa ardhi kwa sababu ya mteja asiyemwona. Mwezi uliofuata mzee akapiga mwenyewe: 290, na atazungumza na mama wa ghorofa ya nne bafu lake lirekebishwe kabla ya kusaini. Walikubali. Milioni nne juu ya hesabu yangu, mdogo wangu akisema anazilipia zile dakika 12 za kutembea hadi kazini, na sikuwa na la kubisha.

Bafu la juu lilirekebishwa Desemba. Januari mafundi wetu walianza. Walipovunja vigae vya bafu kubwa, nyuma ya bomba la mvua lililong'aa walikuta kiungo cha bomba la zamani kimefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, mizunguko mingi, na juu yake saruji. Kilikuwa kinatoa tone moja kila baada ya sekunde chache, kuelekea ghorofa ya pili, kwa yule jirani aliyetuonyesha mkataba wake. Nondo za kajia zilisafishwa kwa brashi ya chuma, zikapakwa dawa ya kutu, moja ikakatwa na kuunganishwa mpya, zege likarudishwa chini ya usimamizi wa mhandisi. Kazi yote ilikula milioni 49 na laki sita badala ya 45 nilizokadiria, kwa sababu bomba kuu la maji taka nalo lilikuwa limetoboka.

Kabla kigae hakijabandikwa, mdogo wangu alipita na futi kamba kila ukuta, akaishikilia kando ya kila bomba na kila waya, mumewe akapiga picha. Zimechapishwa, 63 kwa jumla, nyuma ya kila moja kaandika chumba, ukuta na urefu kutoka sakafuni. Ziko kwenye bahasha moja na risiti zote, ndani ya kabati la nguo, kwa ajili ya atakayeinunua nyumba hiyo siku wakiiuza.